Shoti na Kunaswa: Maneno Mawili ya Karakana

Mjini Tunduma, ukiiacha barabara kuu iendayo Zambia ukaingia mitaa ya nyuma, hukosi karakana ya kuchomelea mageti au kutengeneza bodi za malori. Grenda, drili na randa za umeme zinanguruma kutwa, nyaya zake zimetandazwa chini kwenye vumbi, na mvua zikishika, kwenye tope. Hapo neno shoti halikauki midomoni. Nyaya mbili zikigusana cheche zikaruka, hiyo ni shoti. Kijana akishika drili akatupwa pembeni, naye kapigwa shoti. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na kuyaita kwa jina moja kunawapa mafundi imani ya uongo.

Shoti kwa maana yake ya kitaalamu ni umeme kupata njia ya mkato: waya wa moto unakutana na nyutro bila kupitia kwenye mota. Hakuna cha kuuzuia, mkondo unapanda ghafla hadi mamia ya ampea, na sakiti breka inaanguka papo hapo. Kila fundi ameshaiona ikianguka. Ndiyo maana anaiamini, na ndiyo maana anadhani siku akipigwa yeye, itaanguka vilevile.

Haitaanguka. Umeme wetu ni wa volti 230, na mwili uliolowa jasho una ukinzani wa takribani omu 1,000. Mkondo unaopita mwilini ni ampea 0.23 tu. Breka ya ampea 20 haioni tofauti kati ya mtu huyo na balbu ya wati 50 iliyowashwa. Lakini kwa moyo, hata ampea 0.03 ni hatari, na kwenye 0.01 hivi misuli ya kiganja tayari inajikaza na kugoma kuachia chombo. Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo, tena neno la watu wa kawaida: kunaswa na umeme. Linasema kile kile kinachotokea mkononi. Pendekezo langu ni kwamba shoti tuiachie nyaya, na mtu tuseme amenaswa.

Tukishatenganisha hayo, waya wa ardhi, ambao mafundi wanauita erthi, unaeleweka kirahisi. Ni ule wa kijani wenye mstari wa njano, uliofungwa kwenye bodi ya chuma ya mashine. Waya wa moto ukichubuka ndani na kuigusa bodi, erthi inaupeleka umeme huo ardhini kabla hujaishika mashine. Kwa maneno mengine, inajaribu kugeuza hatari ya kunaswa iwe shoti, ili breka ipate kuiona. Ila inategemea fimbo iliyochimbiwa nje. Fimbo ikiwa kwenye udongo mkavu, ukinzani ukafika omu 20, zitapita ampea 11.5 tu, na breka ya 20 itabaki imetulia. Pengo hilo linazibwa na swichi inayokata umeme unapovuja, ambayo mafundi wanaifahamu kwa herufi RCD. Ile ya ampea 0.03 hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Karakana yenye sakafu ya udongo isiwashe hata drili bila hiyo.

Sasa tazama soketi. Tundu la juu ni la erthi, na pini yake kwenye plagi ni ndefu kuliko zile mbili, kwa makusudi: inatangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu ya chini. Mwenye plagi ya pini mbili huchomeka kijiti au kalamu pale juu ili vifuniko vifunguke. Kama mashine ni ya bodi ya chuma na plagi yake ya pini tatu ilikatwa ikabadilishwa, basi kijiti kile kimekalia nafasi ya erthi.

Si kila chombo cha pini mbili ni kibovu, hata hivyo. Grenda nyingi za mkononi zina alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko. Maana yake chombo kina vihami viwili, kimoja juu ya kingine, na hakihitaji erthi. Lakini kihami, kama jina linavyosema, kinahami kikiwa kizima. Bodi iliyopasuka, au waya uliofungwa kwa nailoni pale ulipochubuka, umeshaipoteza kazi hiyo.

Ninyi mnaopokea vijana wa kujifunza kazi, waonyesheni fimbo ya erthi ilipo na mbonyeze kitufe cha majaribio cha RCD mbele yao. Na mwenzenu akinaswa, msimvute kwa mikono: zimeni umeme kwanza.