Comrades: Medali ndogo inayothaminiwa kuliko fulana

FULANA na kofia za wadhamini hupatikana katika mbio nyingi. Wakimbiaji wa Comrades, mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, Afrika Kusini, huifuata medali ndogo.

Vic Clapham aliasisi mbio hizo mwaka 1921 kuwaenzi askari waliofariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wanaume na wanawake kumi wa kwanza hupata dhahabu. Wanaotumia kati ya saa 11 na 12 hupewa medali yenye jina la Clapham.

Muda wa saa 12 ukitimia, bunduki hulia. Anayechelewa hata sekunde moja huondoka mikono mitupu.

Anayemaliza mara kumi hupewa namba ya kijani, ambayo hapewi tena mkimbiaji mwingine.