Dinari Moja kwa Wote: Mfano wa Vibarua na Madai ya Ufalme

Mahubiri mengi huuchukulia mfano kuwa pambo la fundisho: fundisho linajulikana tayari, na hadithi inaletwa ili wasiosoma walielewe. Ninapinga mtazamo huo. Katika mafundisho ya Yesu kuhusu ufalme, mfano humlazimisha msikilizaji atoe hukumu, na hukumu hiyo ndiyo inayoonyesha anasimama wapi mbele ya ufalme wenyewe. Nitaushughulikia mmoja tu, ule wa vibarua wa shamba la mizabibu (Mathayo 20:1–16), kwa sababu unagusa ujira, jambo ambalo hakuna anayeweza kudai halimhusu.

Mwenye shamba anatoka alfajiri na kupatana na vibarua dinari moja, ujira wa kawaida wa kutwa. Anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa, na tena saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama. Jioni anawalipa, kama Torati inavyoagiza kwamba ujira wa maskini usilale (Kumbukumbu 24:14–15), na kila mmoja anapata dinari moja. Wafasiri wengi huupita haraka utaratibu wa malipo, nao ndio kiini. Kama wa alfajiri wangelipwa kwanza, wangekwenda zao wameridhika na mgogoro usingezuka. Wanalipwa mwisho ili waone. Tena tuyasikilize malalamiko yao kwa makini: hawadai kwamba wamepunjwa, wanalalamika kwamba wenzao wamefanywa sawa nao. Dinari waliyoikubali asubuhi kwa hiari yao inawachoma jioni kwa kuwa imo pia mkononi mwa mwingine.

Irenaeus, katika karne ya 2, aliziona saa hizo kuwa vipindi vya historia ya wokovu. Fasiri hiyo ina uzuri wake, lakini ndani yake soko na njaa vinatoweka. Adolf Jülicher aliipinga njia ya mafumbo mwaka 1888 na kushikilia kwamba kila mfano una hoja moja. Bahati mbaya, hoja zake mara nyingi zilikuwa maadili ya jumla ambayo yasingemkera mtu yeyote. C. H. Dodd, mwaka 1935, aliirudisha mifano kwenye ufalme uliokwisha kuwasili katika kazi ya Yesu, na hapo alikuwa sahihi.

Joachim Jeremias aliulinganisha mfano huu na hadithi ya Talmudi ya Yerusalemu, ambamo Rabi Zeira anamwombolezea mwanachuoni aliyekufa kijana: kibarua wa mfalme alifanya kazi saa mbili akalipwa ujira wa siku nzima, kwa kuwa katika saa hizo mbili alitimiza kazi ya kutwa. Jeremias aliona hapo dini mbili, moja ya stahili na nyingine ya neema. Ulinganisho huo hauwatendei haki Wayahudi. Maneno ya msibani hutolewa ili kuwafariji waliofiwa, si kuweka kanuni ya wokovu. Na mwenye shamba wa Mathayo, kwa kulipa kabla ya usiku, anatenda ndani ya Torati hiyohiyo.

William Herzog, mwaka 1994, alimsoma mwenye shamba kuwa mnyonyaji anayejipangia ujira apendavyo. Anastahili shukrani kwa kutukumbusha kwamba wa saa kumi na moja hawakuwa wavivu: wao wenyewe wanasema hakuna aliyewaajiri. Lakini mnyonyaji halipi ujira wa kutwa kwa kazi ya saa moja. Jambo hilo aliliona John Ruskin, aliyechukua jina la kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1862, Unto This Last, kutoka katika mfano huu. Mohandas Gandhi alikisoma mwaka 1904 safarini kutoka Johannesburg kwenda Durban, na mwaka huohuo akaanzisha makazi ya Phoenix, ambako watu walifanya kazi na kuishi pamoja. Ruskin na Gandhi waliuchukua ujira kuwa ujira, nao kwa hilo wako karibu na mfano kuliko wahubiri wengi wanaouhamishia mbinguni.

Wa alfajiri ni nani basi? Wengi hujibu kwa haraka: Mafarisayo. Mathayo hajibu hivyo. Kabla tu ya mfano, Petro ameuliza yeye na wenzake watapata nini kwa kuwa wameacha yote (19:27). Ni mitume, basi, wanaoonywa juu ya jicho la husuda, na pamoja nao kila kanisa linalodai heshima kwa wingi wa miaka ya utumishi wake. Mwenye shamba anamuuliza kibarua mmoja kama ana jicho hilo kwa kuwa yeye ni mwema, na Mathayo hasimulii kama kibarua huyo alijibu. Anasimulia kwamba muda mfupi baadaye, mama wa wana wa Zebedayo alikuja na wanawe kuwaombea viti viwili, mkono wa kuume na wa kushoto, na wale kumi waliposikia wakawakasirikia hao ndugu wawili.