Mchawi wako anapoteza sekunde wapi?

Wengi mnaniuliza kwa nini kwenye World of Warcraft mchawi wako anaachwa mbali kwa kipigo wakati vifaa mnalingana. Mimi mwenyewe nilishatolewa kwenye kundi nimelipia masaa mawili ya kafe, hela ikaenda bure, kwa hiyo nilikaa nikachunguza.

Tatizo ni kungoja mstari ujae ndio ubonyeze tena. Chukua Frostbolt kwenye Classic ya 2019: ukishaweka pointi zote inachukua sekunde 2.5, yaani 24 kwa dakika. Kama neti yako inachelewa milisekunde 400 (na kafe zetu mnazijua!), kila moja inakuwa 2.9. Dakika inaisha umerusha 20 tu.

Bonyeza kabla haijaisha, bana. Seva ndiyo inayoamua, siyo skrini yako. Ukibonyeza ndani ya milisekunde 400 za mwisho, uchawi unaofuata unakaa foleni unatoka wenyewe. Ukiwahi sana, unakataliwa. Weka Quartz, ina kipande chekundu mwisho wa mstari kinachoonyesha neti inakula kiasi gani. Zamani, kabla ya toleo 2.3 la 2007, watu walihangaika na /stopcasting. Siku hizi ya nini?

Halafu miguu. Ukisogea kidogo tu uchawi unakatika. Ukilazimika kukimbia, piga Fire Blast hapo hapo: haina kungoja, na ile sekunde 1.5 inayofuata unaitumia kutembea.

Wa upinde subirini, zamu yenu inakuja.