Nani Alikuwapo Picha Ilipochorwa?



Tarehe 21 Septemba 1869 mgeni mmoja Mzungu, mchovu na mwenye afya dhaifu, alifika katika kijiji alichokiandika Bambarre ndani ya daftari lake. Ndiyo Kabambare yetu. David Livingstone alikaa hapa kwa vipindi virefu hadi Februari 1871, miguu yake ikiwa na vidonda vilivyokataa kupona, na hapa alimaliza kusoma Biblia nzima mara nne. Daftari zake zilichapishwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake. Ndani yake mna mengi juu ya wazee wetu: masoko yao, mashamba yao, uhodari wa mikono yao. Mna pia minong’ono ya kwamba Wamanyema hula watu, minong’ono ambayo yeye mwenyewe alisitasita kwa muda mrefu kabla ya kuisadiki. Wasomaji wa Ulaya waliyasahau masoko na mashamba. Wakashika hilo la kula watu. Hivyo jina la Maniema liliingia katika fikra za dunia likiwa limekwisha kuchorwa na mkono wa mtu mwingine.

Nalikumbusha jambo hili kwa sababu siku hizi kuna mabishano makali, huko Marekani na Ulaya, miongoni mwa wapenzi wa vitabu vya katuni na michezo ya video. Wanabishana juu ya nani astahili kuwa shujaa wa hadithi, nani achorwe kama kichekesho, na nani akaribishwe katika kundi la wapenzi hao. Mwaka 2014, katika zogo lililoitwa GamerGate, wanawake waliotunga michezo hiyo au kuiandikia walitukanwa na kutishiwa maisha. Mwaka 2018 filamu ya Black Panther, iliyotokana na shujaa wa katuni aliyebuniwa mwaka 1966, iliwafurahisha Waafrika wengi na kuwaudhi wengine waliodai kwamba siasa imeingizwa katika burudani. Mtu aweza kuuliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa Kabambare? Yatuhusu sana. Mojawapo ya mabishano ya zamani na mashuhuri katika ulimwengu wa katuni ni juu yetu sisi Wakongomani. Tena, jambo la kutufikirisha sisi walei Wakatoliki, lilianzia katika gazeti la Kikatoliki.

Gazeti hilo liliitwa Le Vingtième Siècle, nalo lilichapishwa Bruxelles chini ya uongozi wa Padri Norbert Wallez. Lilikuwa na nyongeza ya kila juma kwa ajili ya watoto, Le Petit Vingtième. Mchoraji wake alikuwa kijana Georges Remi, aliyejulikana kwa jina la Hergé. Yeye alitamani kumpeleka Tintin, mwandishi wa habari wa kubuni, hadi Amerika. Lakini Padri Wallez alitaka kwanza Kongo, ili watoto wa Ubelgiji waipende koloni na kazi ya wamisionari. Hergé alikuwa na umri wa miaka 23, na hakuwa amekanyaga Afrika kamwe. Alichota mambo katika Jumba la Makumbusho la Tervuren na katika mazungumzo ya watu wa mji wake. Hadithi ilitoka tangu Juni 1930 hadi Juni 1931. Ndani yake Mkongomani ni mtu mzima mwenye akili ya mtoto, mwenye midomo mikubwa na lugha iliyovunjika. Tintin anaingia darasani misioni na kuwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Na katika picha ya mwisho, wanakijiji wamesimamisha sanamu za Tintin na mbwa wake, na mmoja wao anazisujudia.

Tuitazame picha hiyo vema. Wakati uleule makatekista wetu walikuwa wakitembea kwa miguu kijiji hata kijiji, wakifundisha amri ya kwanza ya Mungu. Gazeti la Kikatoliki, lililotaka kuwasifu wamisionari, likawaonyesha watoto wa Ulaya Mkongomani akimsujudia mbwa.

Je, twaweza kusema kwamba watu wa Bruxelles hawakuwa na njia ya kujua? Hapana. Katika nchi jirani na yetu, kando ya ziwa Tanganyika, Stefano Kaoze alikuwa amepewa daraja takatifu ya upadri huko Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, akiwa Mkongomani wa kwanza wa nyakati za ukoloni kuipokea. Tangu mwaka 1910 maandishi yake kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu yalianza kuchapishwa. Baada ya vita kuu ya kwanza alisafiri hadi Ulaya pamoja na Askofu Victor Roelens. Basi mwaka 1930 Mkongomani msomi, padri wa Kanisa lilelile, alikuwa amekwisha kuonekana na kusomwa. Hakuitwa tu mezani palipochorwa Kongo.

Sasa tulinganishe na kilichotokea miaka michache baadaye. Hergé alipotangaza kwamba Tintin ataelekea China, Padri Gosset, mlezi wa kiroho wa wanafunzi Wachina katika Chuo Kikuu cha Leuven, alimwandikia barua. Alimwomba awe mwangalifu, asiwajeruhi wanafunzi wale kwa picha za uongo. Mwaka 1934 Hergé alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana Mkatoliki kutoka Shanghai aliyekuwa akisomea sanaa Bruxelles. Walizaliwa mwaka mmoja, 1907. Wakawa marafiki. Katika kitabu kilichozaliwa na urafiki huo, Le Lotus bleu, Tintin anamwokoa mtoto Mchina mtoni, kisha wawili hao wanacheka pamoja uongo ambao kila taifa linaamini juu ya taifa la mwenziwe. Lakini Wajapani, ambao hawakuwa na rafiki mezani, walichorwa vibaya katika kitabu hichohicho.

Hapo ndipo lilipo somo lote. Mchoraji alikuwa yuleyule, kalamu ileile, na mji uleule. Kilichobadilika ni nani alikuwa ameketi karibu naye. Mchina alipata mtu wa kusema: ndugu, sisi hatuko hivyo. Mkongomani hakumpata. Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kitabu cha Kongo kwa rangi. Somo juu ya Ubelgiji likageuzwa kuwa somo la hesabu, lakini sura za watu zilibaki zilezile. Baadaye alikiri kwamba alikuwa amelishwa mawazo potovu ya mazingira aliyokulia.

Wakongomani wenyewe hawakuwa na neno moja juu ya kitabu hicho. Mwaka 1969 jarida la Zaïre la Kinshasa liliandika kwamba huku kwetu kitabu kinachekesha, kwa maana tunamcheka Mzungu aliyetuona namna ile. Lakini mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aishiye Ubelgiji, alikwenda mahakamani Bruxelles akitaka kipigwe marufuku, au walau kiwekewe onyo na maelezo. Mwaka huohuo huko Uingereza tume iliyosimamia usawa wa watu wa rangi zote ilitaka kiondolewe madukani. Mwaka 2012 mahakama za Bruxelles zilikataa ombi la Mbutu, zikiona kwamba mtungaji hakuwa na nia ya kuchochea ubaguzi. Hata hivyo, mwaka 2023 kilitoka tena nchini Ubelgiji pamoja na dibaji inayoeleza hali ya ukoloni. Alichokiomba Mbutu kwa uchache, wachapishaji walikitoa wenyewe baada ya miaka mingi.

Mimi sioni kwamba kuchoma kitabu kutatuponya. Wala sikubaliani na wasemao kwamba ni mzaha wa watoto tu, kwa kuwa mtoto ndiye anayeamini picha kuliko mtu yeyote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, umekataa kila ubaguzi kwa sababu ya rangi au kabila, ukisema unapingana na nia ya Kristo. Na mwaka 1969 huko Kampala, Papa Paulo wa Sita aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ni wamisionari wao kwa wao. Neno hilo lahusu kalamu pia. Hapa Kanisa lina ukurasa mwingine wa kufurahia: shule ya sanaa ya Mtakatifu Luka, iliyoanzishwa na Bruda Marc Wallenda huko Gombe-Matadi mwaka 1943, ikahamia Kinshasa na kuwa Chuo cha Sanaa. Mongo Sisé, mmoja wa wachoraji wetu mashuhuri wa katuni, alisoma katika chuo hicho. Na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amezichora hadithi zetu kwa mkono wetu hata zikachapishwa Ulaya.

Lakini tusimalize kwa kuwanyoshea wengine kidole. Sisi nasi ni wachoraji. Biashara ya watumwa iliyopita Kasongo na Kabambare ilikuwa uovu wa kweli. Mauaji ya sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871 hayawezi kufichwa, na Kardinali Lavigerie alitenda haki alipopaza sauti mwaka 1888. Walakini majeshi ya Leopold yalipoiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, washindi ndio walioandika vitabu, na “Mwarabu” akawa sura moja tu ya ukatili. Jirani yetu Mwislamu wa leo, ambaye huenda babu yake mwenyewe alifungwa minyororo, bado anaibeba picha hiyo. Je, tulipoisimulia historia hiyo kwa watoto wetu, yeye alikuwapo? Na Mtwa tunayemfanyia mzaha, nani amemwuliza?

Nathanaeli alishangaa kama chema chaweza kutoka Nazareti. Filipo hakumtukana, wala hakumwacha na picha yake. Alimwalika aje ajionee. Nathanaeli akaja, akamwona Bwana, na picha ile ikavunjika. Basi, ndugu zangu, vijana wetu watakapochora, kuigiza au kusimulia juu ya jirani, tumwalike jirani huyo kwanza aketi nasi, atazame, aseme. Bwana atujalie macho ya kumwona ndugu kabla ya kumchora.