Garimoshi Lilikula Nini Njiani?

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Chakula chake cha safari nzima hakikuwamo. Angejitwisha posho ya miezi, asingebaki na bega la kubebea pembe ya ndovu. Ndiyo maana msafara ulinunua chakula njiani kwa nguo na shanga, na ukapita palipokuwa na visima, hata pale ambapo watawala wa Ugogo walidai hongo kubwa. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, na jina hilo linajieleza lenyewe.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi Februari 1914, umbali wa kilomita zaidi ya 1,200. Tumezoea kusimuliwa kwamba siku hiyo msafara ulikufa, na kwa upande wa mzigo ni kweli. Meli nzima, Graf von Goetzen, ambayo sisi tunaijua kama MV Liemba, ililetwa Kigoma vipande vipande kwa reli hiyo. Lakini ukiitazama injini ya mvuke kwa upande wa tumbo lake, utaona kwamba ilirithi swali lilelile la mpagazi: njiani tutakula nini, na maji tutayapata wapi?

Swali hilo ndilo lililoamua hata umbo la injini. Chukua mfano wa mbali kidogo, Pennsylvania nchini Marekani. Huko kulikuwa na anthrasiti, makaa ya mawe magumu yanayong'aa, yasiyo na moshi mwingi lakini yanayowaka polepole. Chenga zake zilirundikwa kama taka. Mwaka 1877 John Wootten wa kampuni ya reli ya Philadelphia and Reading alibuni tanuru pana sana lililoweza kuchoma chenga hizo za bei ya chini. Tanuru likawa pana mno hata chumba cha dereva kikakosa nafasi nyuma. Kikahamishiwa katikati, kikalipanda boila kama mtu aliyekaa juu ya ngamia, na injini hizo zikaitwa kwa jina la mgongo wa ngamia. Nyingi zilikuwa za magurudumu kumi: manne madogo ya kuongoza mbele, sita makubwa ya kusukuma. Dereva alikaa katikati, mchochea moto akabaki nyuma kwenye upenyo wa upepo na mvua, na watu wawili waliotegemeana kwa uhai wao wakafanya kazi bila kuweza kuzungumza vizuri. Yote hayo kwa sababu ya aina ya makaa.

Tabora haikuwa na makaa. Makaa ya mawe ya Tanzania yako kusini, Ruvuma na Kiwira, mbali na reli hii. Kuyaagiza kwa meli kulimaanisha kuyapakia tena Dar es Salaam na kuyavuta hadi bara, yaani injini ivute chakula chake yenyewe. Kadiri inavyokwenda mbali ndivyo nafasi ya mzigo wa kulipiwa inavyopungua. Ni hesabu ya mpagazi na posho yake.

Jibu nalo likawa la msafara: kula kinachopatikana njiani. Pembezoni mwa reli kulikuwa na miombo, na kwa miaka mingi injini za Tanganyika zililishwa kuni. Kilo moja ya kuni kavu hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo moja ya makaa mazuri, tena kuni hula nafasi. Kwa hiyo treni ilisimama mara kwa mara kwenye marundo yaliyokatwa na kupangwa kwa mikono ya watu. Reli ilipunguza mabega yaliyobeba pembe, ikaongeza mikono iliyoshika shoka.

Maji yalisumbua zaidi. Injini ya mvuke haiyarudishi maji yake. Mvuke ukishasukuma pistoni hutoka kwa bomba la moshi, na ule mlio wa chu-chu tunaoigiza tukiwa watoto ni sauti ya maji yanayopotea. Kilo moja ya makaa huweza kugeuza kilo sita au saba za maji kuwa mvuke. Mgunda Mkali ukabaki mkali hata kwa chuma.

Waingereza walipoagiza injini za daraja la 30 kutoka North British ya Glasgow, zilizoanza kazi mwaka 1955 na 1956, kiu hiyo iliandikwa ndani ya chuma. Zilichoma mafuta mazito, si kuni, na zilikuwa ndugu wa daraja la 29, ila nyuma zilivuta tangi kubwa zaidi la maji kwa ajili ya safari ndefu kwenye ukame. Zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Mojawapo, namba 3020, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, nayo inaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida, majirani wa nyika hiyohiyo.

Dizeli zilipochukua nafasi, kisima hakikuwa tena sababu ya kusimama. Vituo vilivyozaliwa na kiu vikabaki na majina tu kwenye ratiba. Na sasa reli ya kisasa ya umeme inajengwa kuelekea Tabora. Chakula chake kitapita kwenye waya.

Miombo bado ipo, ingawa si kama zamani. Asali ya Tabora hutoka humo, katika maua ya miti ya jamii ileile iliyowahi kuwa nauli ya safari za watu wengine.