Kuwahesabu Watu wa Kariakoo

Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ulipata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokaa hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Makumi elfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, na hesabu yao kamili haikuandikwa. Basi yafaa tuulize: watu huhesabiwaje?

Njia ya kwanza ni kuwahesabu wote. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 1948, na Dar es Salaam ikaonekana ina watu 69,227. Lakini kumuuliza kila mtu mambo mengi ni kazi ndefu na ya gharama. Kwa hiyo maswali ya wote yalikuwa machache, kisha sehemu moja katika kumi ya watu wa Tanganyika ikaulizwa zaidi, hata habari za uzazi.

Je, sehemu yawezaje kusema kwa niaba ya wote? Mpishi huonja mchuzi kiganjani akajua chumvi ya sufuria nzima. Lakini kwanza huukoroga. Katika kuhesabu watu, kukoroga ni kupiga kura. Tuseme mtaa una nyumba 2,000. Twazipa zote namba, twapiga kura, twatwaa nyumba 100, na ndani yake twakuta watu 1,300. Kila nyumba yasimama badala ya nyumba 20. Basi 1,300 mara 20 ni watu 26,000. Hayo ni makisio, maana kura nyingine ingetoa jibu lililo mbali kidogo. Atakaye kosa hilo lipungue nusu hana budi kutwaa nyumba mara nne.

Lakini mhesabu akiacha kura, akachagua nyumba zilizojaa wapangaji tu, makisio yatazidi kweli, wala wingi wa nyumba za namna ile hautamponya. Tena mwenye nyumba akimficha mgeni wake kwa kuogopa kodi, mtu mmoja aliyefichwa hupunguza watu 20 katika jumla.

Mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Maji, shule na zahanati hukadiriwa kwa hesabu kama hizo. Asiyehesabiwa, wala kuwakilishwa kwa kura ya haki, fungu lake huenda kwa mwingine.