Ndege za M*A*S*H: zilizoonekana na zisizoonekana

Kuna watazamaji wa filamu za vita ambao ukikaa nao sebuleni hutafurahi. Mhusika anakata roho, muziki wa huzuni unapanda, na jamaa anakuambia, "Lakini kifaru hicho hakikuwepo mwaka huo." Mimi ni mmoja wao, sitaficha. Ndiyo maana nataka kuzungumzia tamthilia moja ya vichekesho ambayo imenilazimisha nijiulize usahihi ni kitu gani hasa, na una faida kwa nani.

Tamthilia yenyewe ni M*A*S*H. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 17 Septemba 1972, ikafikia tamati tarehe 28 Februari 1983, na usiku huo wa mwisho Wamarekani wapatao milioni 106 walikuwa mbele ya televisheni zao. Jina ni kifupisho cha hospitali ya upasuaji ya jeshi inayohamishika. Ni kambi ya mahema karibu na mstari wa mbele wa Vita vya Korea, na madaktari wake wanafanya mzaha usiku na mchana kwa sababu bila mzaha wangepata wazimu. Asili yake ni riwaya ya 1968 ya Richard Hooker, jina la kalamu la daktari aliyewahi kuhudumu katika hospitali ya namna hiyo huko Korea, kisha filamu ya Robert Altman ya 1970. Vita vyenyewe vilichukua miaka mitatu na mwezi mmoja, Juni 1950 hadi Julai 1953. Tamthilia ilichukua miaka 11. Kwa hiyo anayetafuta usahihi wa kalenda aende zake mapema.

Tuanze na zile ndege zinazoonekana.

Kila sehemu inafunguliwa na helikopta. Zinapita juu ya vilima, majeruhi wamefungwa kwenye machela nje ya chombo, na wauguzi wanakimbia kuzipokea. Baadhi ya picha hizo zilichukuliwa kutoka kwenye filamu ya Altman. Helikopta zenyewe ni Bell 47, ambayo jeshi liliipa jina H-13, na hapa watengenezaji wanastahili pongezi: kwa sehemu kubwa walitumia aina ya D, ile iliyokuwa Korea kweli. Ina kioo cha duara mbele kama bakuli la samaki, mkia wa vyuma vitupu usiofunikwa kwa bati, miguu ya kutelezea badala ya magurudumu, na machela mbili, moja kila upande. Mara nyingine inaingia aina ya G, ya baadaye kidogo, yenye matangi makubwa mawili ya mafuta. Ni macho ya mpenzi wa helikopta tu yatakayoona tofauti.

Lakini yapo makosa ambayo hata mtu wa kawaida angeweza kuyashuku. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Luteni Kanali Henry Blake, mkuu wa kambi, anapelekwa Seoul kwa Bell 47J. Hiyo ina mkia uliofunikwa na chumba kikubwa cha abiria, na ilianza kuundwa miaka kadhaa baada ya bunduki kunyamaza Korea. Katika sehemu nyingine mzee huyohuyo anarudishwa kambini kwa Alouette II, helikopta ya Kifaransa ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Yaani Blake amepanda vyombo viwili ambavyo havikuwa vimezaliwa bado. Kwa watu wa aina yangu hiyo ni karamu.

Sasa, kosa hilo linamdhuru nani? Nikijijibu kwa haki, halimdhuru mtu. Kanali amesafiri, kanali amefika. Chombo kilichombeba hakina uzito katika hadithi, na ukikibadilisha hakuna kinachopungua.

Ile H-13 ni habari nyingine kabisa. Ukiikosea hiyo, umekosea vita. Helikopta za jeshi zilianza kazi ya kubeba majeruhi Korea mwanzoni mwa Januari 1951. Hadi mwisho wa vita zilikuwa zimewatoa majeruhi wapatao 18,000. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kati ya wanajeshi wa Marekani waliofikishwa hospitalini wakiwa hai, asilimia 4.5 walikufa. Korea ikashuka hadi asilimia 2.5. Si helikopta peke yake iliyofanya hivyo. Kulikuwa na damu, dawa mpya, na zaidi ya yote hospitali zenyewe zilizosogezwa karibu na mapigano. Lakini kwa mtu aliyepasuliwa tumbo na kipande cha chuma juu ya mlima usio na barabara, tofauti ya saa tano za kubebwa na dakika ishirini za kuruka ilikuwa ndiyo maisha yenyewe.

Na hebu fikiria safari ilivyokuwa. Majeruhi yuko nje, si ndani. Hakuna daktari pembeni yake. Upepo wa mapanga unampiga, na majira ya baridi ya Korea si ya kuchezea. Rubani yuko peke yake kwenye kioo chake na hawezi kumgusa. Chombo hakikuwa na vifaa vya kurukia usiku, hakikubeba uzito mwingi, na vilikuwa vichache, kiasi kwamba majeruhi wengi waliendelea kufika kwa magari ya wagonjwa na kwa jipu. Tamthilia inaonyesha magari hayo pia, nashukuru. Ila muziki wa ufunguzi na kumbukumbu za watazamaji zimeipa helikopta utukufu wote.

Kuna kitu kingine kuhusu helikopta hizo ambacho waandishi walikishika vizuri kuliko umbo: sauti. Karani wa kambi, kijana anayeitwa Radar, huzisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Watu wanacheza karata, mtu anasimulia kisa, Radar anainua kichwa. Mazungumzo yanakufa. Baada ya sekunde chache na sisi tunasikia. Hakuna rubani wala chombo kwenye picha bado, lakini tayari tunajua kwamba kicheko kimekwisha na kwamba mahali fulani vijana wamechanwachanwa. Waundaji wa tamthilia, Larry Gelbart na Gene Reynolds, waliwahoji madaktari na wauguzi waliokuwa Korea, na mimi naamini mambo kama haya ndiyo yanayopatikana kwa kuuliza watu. Kitabu cha ndege hakiwezi kukuambia mtu anakaaje anaposubiri mlio.

Ipo pia ndege ya adui, na hii ni ya kuchekesha. Katika msimu wa pili kuna sehemu ya "5 O'Clock Charlie". Rubani wa Korea Kaskazini anakuja kila siku saa kumi na moja jioni na kindege chake cha injini moja, anaangusha bomu moja akilenga ghala la silaha lililo karibu na hospitali, anakosa, anaondoka. Wakazi wa kambi wanawekeana dau bomu litaanguka umbali gani. Meja Frank Burns, mpumbavu wa kambi, anadai apewe mzinga wa kutungulia ndege. Anaupata, na ghala ambalo Charlie ameshindwa kulipiga siku zote linalipuliwa na mzinga wa Frank.

Ukisikia hivyo unasema huo ni utani wa waandishi. Kumbe msingi upo. Wanajeshi wa Marekani walimpa jina la Charlie kila rubani aliyewajia muda wa kulala, na mara nyingi alikuwa anaendesha Polikarpov Po-2, ndege ya Kisovieti iliyobuniwa miaka ya 1920: mabawa mawili, moja juu ya jingine, mwili wa mbao na kitambaa, mwendo usiozidi sana kilomita 150 kwa saa. Mbao na kitambaa vilikuwa vigumu kuonekana kwenye rada. Jeti za Marekani zilikuwa na kasi mno kuweza kuifukuza; ndege moja ya kisasa aina ya F-94 ilipotea ikijaribu kupunguza mwendo ili ilingane nayo. Usiku wa tarehe 17 Juni 1951, Po-2 mbili zilishambulia uwanja wa Suwon, zikateketeza jeti moja ya F-86 Sabre na kuharibu nyingine kadhaa. Mwaka 1953 jeshi la majini lilimleta rubani Guy Bordelon na ndege yake ya Corsair, ya pangaboi, siyo jeti, akaangusha ndege tano za usiku. Ilibidi warudi nyuma kiteknolojia ili wamfikie Charlie.

Kwa hiyo tuseme nini? Saa ya kuja si sahihi, kwa sababu Charlie halisi alikuja gizani. Na Charlie halisi hakukosa kila siku. Lakini aibu ya jeshi tajiri kusumbuliwa na kitu kinachofanana na cherehani inayoruka, hiyo ni kweli tupu. Na kelele za Frank za kutaka mzinga mkubwa zaidi, hata kama mzinga ndio utakaoleta madhara, zina ukweli ambao hakuna mchoro wa ndege unaoweza kuusahihisha.

Sasa nifike kwenye ndege ambazo hazionekani, maana hapo ndipo penye jambo.

Tarehe 18 Machi 1975 ilionyeshwa sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, "Abyssinia, Henry". Jina ni mchezo wa maneno: ukilitamka haraka jina la kale la Ethiopia kwa Kiingereza, linasikika kama "tutaonana". (Na Waethiopia walikuwepo Korea kweli, kikosi cha Kagnew kilipigana huko kuanzia 1951.) Henry Blake amemaliza muda wake, anarudi nyumbani. Anaagwa kwa pombe na machozi, anapanda helikopta, anaondoka, na chombo hicho tunakiona. Kisha tuko kwenye chumba cha upasuaji. Radar anaingia bila barakoa, na karatasi mkononi. Anasoma kwamba ndege ya Kanali Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani na hakuna aliyepona. Madaktari hawasimami. Mikono inaendelea kushona.

Ndege hiyo ilikuwa ya aina gani? Hatuambiwi. Hatuoni moshi, hatuoni bahari. Watazamaji waliandika barua za hasira wakilalamika kwamba vichekesho haviruhusiwi kufanya hivyo. Lakini ndivyo habari ya kifo cha vitani inavyofika: karatasi, mtu wa kuisoma, na kazi ambayo haiwezi kusubiri.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, katika "Dear Sigmund", kuna rubani wa ndege za mabomu aliyelazwa kambini akiwa mchangamfu. Vita kwake ni vizuri: anaishi Tokyo, anaruka, anaangusha, anarudi nyumbani. Sura za walio chini hajawahi kuziona. Hawkeye anamwonyesha mtoto wa Kikorea aliyejeruhiwa na bomu. Rubani anataka kujua bomu lilikuwa la nani, na jibu analopata ni kwamba haina tofauti. Hapo pia hakuna ndege kwenye picha. Kuna mtoto kitandani tu.

Hapa ndipo lawama yangu kwa M*A*S*H inapoanza, ingawa naipenda. Marekani iliangusha Korea tani zipatazo 635,000 za mabomu, na zaidi ya tani 32,000 za napalm, kuliko ilivyoangusha katika eneo zima la Pasifiki kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Katika vita halisi, Mkorea wa kawaida akisikia mlio angani hakuwa anasubiri kuokolewa. Tamthilia ya miaka 11 ikamfundisha mtazamaji kwamba mlio wa angani ni wa helikopta ya majeruhi, na kwamba adui mwenye mabomu ni Charlie asiyejua kulenga. Sehemu kama "Dear Sigmund" zinakana hilo, lakini ni chache, na ufunguzi unarudiwa kila wiki. Bell 47J ni kosa dogo. Hili la angani kutakata ni kubwa, na hakuna mhesabu ribiti hata mmoja, nikiwemo, anayeliweka kwenye orodha yake.

Sisemi tuache kuhesabu ribiti. Anayejali umbo la mkia wa helikopta anajali kwamba mambo yalitokea kweli, kwa watu wa kweli, na hiyo ni heshima. Ninachosema ni kwamba tukishaona kosa, tuulize linaficha nini. Kama haliifichi chochote, tucheke tuendelee. Kama linamficha mtu, tusimame hapo.

Ukitaka kuitazama na hujawahi, usianze mwanzo. Anza na "5 O'Clock Charlie" ucheke, kisha "Abyssinia, Henry", halafu "Dear Sigmund". Na Radar akiinua kichwa, zima sauti za sebuleni kwako nawe usikilize.